Tabibu na Cheti Chake

Tanganyika ilipojipatia uhuru mwezi Desemba, 1961, madaktari wananchi walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere aliwahi kusema kuwa walikuwa 12 tu. Nchi haikuweza kuwangojea madaktari wa vyuo vikuu huku watoto wakizikwa vijijini. Ndipo ilipotegemea waganga wasaidizi, ambao leo twawaita matabibu. Kule Ifakara mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijijini yalianza mwaka ule ule, na mwaka 1963 yakaanza nchini mafunzo ya juu zaidi ya madaktari wasaidizi, waliofundishwa hata kufanya upasuaji wa uzazi.

Twaikumbusha historia hiyo kwa sababu wapo wanaomdhani tabibu kuwa ni daktari aliyeishia njiani. Dhana hiyo haina msingi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu Bayolojia, Kemia na Fizikia husoma miaka mitatu ndipo apate stashahada, darasani na wodini, chini ya macho ya walimu wake. Baada ya hapo sharti aandikishwe na baraza la taaluma yake na kupewa leseni kabla ya kutibu watu kwa dhamana yake mwenyewe.

Masharti hayo yana sababu. Mtoto mwenye homa anayehema haraka haraka aweza kuwa na malaria, aweza kuwa na nimonia, na aweza kuwa na yote mawili. Dawa ya malaria haiponyi nimonia. Katika zahanati iliyo mbali na hospitali hakuna mwingine wa kuulizwa. Uamuzi wa tabibu ndio wa mwisho kwa usiku ule. Anayeishika kazi hiyo kwa cheti cha kughushi, au kwa masomo ya chuo kisichosajiliwa, anacheza na roho za watu.

Kwa hiyo tunayo maneno matatu. Kwa wazazi: kabla ya kuuza ng'ombe au shamba ili kulipa ada, ulizeni kwanza iwapo chuo kimesajiliwa. Kwa wenye mamlaka: ukaguzi usingoje mtu afe, na tabibu aliyepelekwa kijijini apewe nyumba, vipimo na dawa, kwani ujuzi usio na vifaa humwacha akitazama vifo ambavyo angeweza kuvizuia. Kwa matabibu wenyewe: kuujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi huo, na kumpeleka mgonjwa hospitali mapema si aibu.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Katika kazi hii msemo huo haufai kabisa, kwani anayepotea ni mganga, na anayelipa ni mgonjwa.