Sura ya Saba: Kujua Kama Mwanafunzi Amefuzu Ufadhili wa National Merit

National Merit ni mpango wa Marekani wa kuwatambua na kuwafadhili wanafunzi wa sekondari wanaofanya vizuri sana kitaaluma. Ulianzishwa mwaka 1955, na unaendeshwa na National Merit Scholarship Corporation, shirika lisilotengeneza faida lenye makao yake Evanston, Illinois. Kila mwaka wanafunzi wapatao milioni 1.3 huingia katika mchujo wake. Wanaofika mwisho na kupewa fedha hawazidi 8,000.

Matokeo yanapotoka, wazazi wengi hutazama jumla ya alama na kuuliza kama mtoto amefuzu. Jumla hiyo peke yake haitoi jibu. Kufuzu huamuliwa na mambo matatu kwa pamoja: sifa za mwanafunzi, alama yake ya uteuzi, na jimbo ilipo shule anayosoma. Anayeyafuata matatu hayo kwa mpangilio anaweza kukadiria vizuri mwanafunzi amesimama wapi, miezi mingi kabla ya barua rasmi kufika.

Sifa za kuingia katika mchujo

Mlango wa mpango huu ni mtihani wa PSAT/NMSQT, unaofanywa mwezi Oktoba. Kwa mwanafunzi anayesoma sekondari kwa miaka minne ya kawaida, matokeo yanayohesabiwa ni ya mwaka wa tatu tu, yaani darasa la 11. Wengi huufanya mtihani huo mara ya kwanza wakiwa darasa la 10 ili kujipima. Alama za mwaka huo, hata ziwe za juu namna gani, hazimwingizi mtu katika mchujo. Mitihani ya PSAT 10 na PSAT 8/9, yenye majina yanayokaribiana na huo, nayo haihesabiwi.

Sifa ya pili ni mahali ilipo shule au, kwa walio nje ya nchi, uraia au ukaazi. Anayesoma sekondari ndani ya Marekani au maeneo yake hawekewi sharti la uraia; anayesoma nje ya nchi awe raia wa Marekani, au awe na ukaazi wa kudumu na nia ya kuomba uraia mara sheria itakapomruhusu. Aliye nje ya nchi aliyekwisha kuomba ukaazi wa kudumu na ombi lake halijakataliwa anaruhusiwa pia kushiriki. Kanuni hiyo ya wanaosoma ndani ya Marekani ina uzito kwa familia za wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na kwingineko Afrika Mashariki zilizohamia Marekani: mtoto hahitaji kusubiri hadi karatasi zake zikamilike. Mwisho, mwanafunzi anatakiwa awe na mpango wa kujiunga na chuo kikuu mara amalizapo sekondari.

Taarifa hizi hutokana na maswali ambayo mwanafunzi mwenyewe huyajibu wakati wa mtihani. Akikosea, kwa mfano mwaka wa kumaliza shule, anaweza kuonekana hana sifa hali anazo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya kukagua katika ripoti ya matokeo ni ile inayohusu National Merit. Kinyota kikiwa kando ya alama ya uteuzi, maana yake ni kwamba majibu aliyoyatoa hayatimizi masharti. Ikiwa ni kosa, lirekebishwe mapema kwa kuwasiliana na shirika.

Mwanafunzi aliyeukosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa au dharura nyingine hajafungiwa mlango. Anaweza kuomba kuingia kwa kutumia alama za mtihani wa SAT, ila ombi hilo lina tarehe yake ya mwisho na halisubiri hadi barua za wenzake zitoke.

Kukokotoa alama ya uteuzi

Tangu mwaka 2023 mtihani hufanywa kwa kompyuta. Una sehemu mbili, Kusoma na Kuandika, na Hisabati, na kila sehemu ina alama kuanzia 160 hadi 760. Jumla ya juu kabisa ni 1520. Hata hivyo shirika halitumii jumla hiyo. Linatumia alama ya uteuzi, ambayo hupatikana hivi: alama ya Kusoma na Kuandika huzidishwa mara mbili, hujumlishwa na alama ya Hisabati, kisha jibu hugawanywa kwa 10. Alama ya uteuzi ya juu kabisa ni 228.

Tuchukue wanafunzi wawili wenye jumla ya 1450 kila mmoja. Wa kwanza amepata 750 katika Kusoma na Kuandika na 700 katika Hisabati. Mara mbili ya 750 ni 1500. Ongeza 700 upate 2200. Gawanya kwa 10, alama yake ni 220. Wa pili amepata 700 katika Kusoma na Kuandika na 750 katika Hisabati. Mara mbili ya 700 ni 1400. Ongeza 750 upate 2150. Alama yake ni 215. Jumla ni ileile, lakini wametofautiana kwa alama tano. Katika mchujo huu hata alama moja inatosha kumweka mtu ndani au nje.

Asilimia za ulinganifu zinazochapishwa kwenye ripoti nazo zisichukuliwe kuwa jibu. Zinaonyesha mwanafunzi amewapita wenzake wangapi kitaifa, na hazisemi chochote kuhusu ushindani wa jimbo lake.

Kiwango cha kufuzu na nafasi ya jimbo

Kati ya wote walioingia katika mchujo, zaidi ya 50,000 hupata kutambuliwa, nao hugawanywa katika makundi mawili. Takriban 34,000 hupewa barua ya pongezi na safari yao katika mpango huishia hapo, ingawa baadhi yao huweza kufikiriwa kwa ufadhili maalumu wa makampuni. Takriban 16,000 huingia nusu fainali, na hao ndio wanaoendelea kugombea ufadhili wa National Merit.

Kiwango cha pongezi ni kimoja kwa nchi nzima. Kiwango cha nusu fainali hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa sababu kila jimbo hutengewa nafasi kulingana na sehemu yake katika idadi ya wanaomaliza sekondari nchini. Msomaji wa Kenya anayekumbuka jinsi nafasi za shule za kitaifa zilivyogawanywa kwa kaunti atauelewa mpango huu haraka: mwanafunzi hushindana na wenzake wa eneo lake, na alama inayotosha upande mmoja yaweza isitoshe upande wa pili.

Kwa waliofanya mtihani Oktoba 2023, kiwango cha pongezi kilikuwa 208. Kiwango cha nusu fainali kilikuwa 219 Texas, na 223 New Jersey na Massachusetts. Wale wanafunzi wawili wa mfano wetu wangekuwa Texas mwaka huo, mwenye 220 angeingia nusu fainali na mwenye 215 angepata barua ya pongezi. Wangekuwa New Jersey, wote wawili wangeishia kwenye pongezi. Mwaka uliofuata viwango vilipanda: pongezi 210, Texas 222, New Jersey na Massachusetts 225. Kwa viwango hivyo, hata mwenye 220 asingefuzu Texas.

Mfano huo unaonyesha kwa nini viwango vya miaka iliyopita vinafaa kwa makadirio tu. Kiwango cha mwaka hupangwa baada ya alama zote kukusanywa, kwa kuhesabu kutoka juu hadi nafasi za jimbo zijae. Aliyezidi kiwango cha juu kabisa ambacho jimbo lake limewahi kufikia ana sababu ya kutulia. Aliye karibu na mstari hana budi kusubiri.

Jimbo linalohesabiwa ni lile ilipo shule, si lile wanamoishi wazazi. Wanaosoma shule za bweni zinazopokea wanafunzi kutoka majimbo mengi huwekewa kiwango chao cha kikanda, ambacho huwa cha juu. Raia wa Marekani wanaosoma nje ya nchi, wakiwemo walio katika shule za kimataifa za Nairobi na Dar es Salaam, huhitaji kiwango sawa na cha jimbo lenye kiwango cha juu kuliko yote.

Taarifa rasmi hufika vipi

Kutoka mtihani hadi taarifa rasmi hupita karibu miezi 11. Mwanzoni mwa Septemba, mwanafunzi akiwa ameingia darasa la 12, shirika huwaarifu wakuu wa shule majina ya waliofika nusu fainali. Majina hutangazwa kwa umma katikati ya mwezi huo, na barua za pongezi hufuata, nazo pia kwa kupitia shule. Wanaosomea nyumbani hutumiwa barua moja kwa moja.

Kwa kuwa taarifa hupitia ofisi ya mkuu wa shule, inaweza kukwama hapo: mkuu amebadilishwa, au bahasha imekaa mezani. Mwanafunzi mwenye alama ya juu amwendee mkuu au mshauri wa wanafunzi katika wiki ya kwanza ya Septemba. Shule ikiwa haijapata kitu, iwasiliane na shirika bila kuchelewa, maana fomu za nusu fainali hufungwa mwezi Oktoba.

Kutoka nusu fainali hadi fedha

Kuingia nusu fainali bado si kupata ufadhili. Mwanafunzi hujaza fomu kwenye mtandao, huandika insha, huwasilisha rekodi ya masomo na kupata pendekezo la shule. Lazima pia afanye mtihani wa SAT au wa ACT na kupata alama zinazothibitisha kwamba matokeo ya PSAT hayakuwa bahati. Kati ya 16,000, takriban 15,000 hufika fainali, na huarifiwa mwezi Februari. Wanaobaki nyuma mara nyingi ni wale ambao maksi zao za darasani zimeshuka, waliochelewesha fomu, au wasiokuwa na alama za uthibitisho.

Takriban nusu ya waliofika fainali hupata ufadhili wa aina mojawapo kati ya tatu. Wa kwanza ni dola 2,500 za National Merit zenyewe, zinazotolewa mara moja. Wa pili hutolewa na makampuni, mara nyingi kwa watoto wa wafanyakazi wao. Wa tatu hutolewa na vyuo vikuu vilivyo katika mpango, kwa sharti kwamba mwanafunzi awe amekitaja chuo hicho kwa shirika kuwa chaguo lake la kwanza. Vyuo vingine, kama University of Alabama na University of Texas at Dallas, vimejulikana kwa kuwaongezea waliofika fainali misaada mikubwa kuliko dola hizo 2,500. Vingine vyenye majina makubwa, Harvard na Yale vikiwemo, havitoi ufadhili wa aina hii kabisa. Kwa hiyo aliyefika fainali anapaswa kujua msimamo wa kila chuo anachokiomba kabla ya kutaja chaguo la kwanza, na kulibadilisha kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo husika ikiwa ameamua kwenda kwingine.