Picha za Familia Zisiozee Mfukoni

Mama, picha za familia yako ziko wapi? Katika nyumba nyingi tunazotembelea hapa Litapunga, mkoani Katavi, tukiziulizia huletwa zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimechanganyika na risiti na kadi za kliniki. Nyingine zimo ndani ya kitabu cha nyimbo, nyingine chini ya godoro. Siku ya msiba ndipo watu huanza kupekua, na picha pekee ya marehemu huonekana imeliwa na mende.

Sisi akina mama tunaojitolea kanisani, ambao wengine wetu ni wauguzi, tumeona hasara kubwa kuliko hiyo. Picha ipo, tena nzima, lakini hakuna anayemjua aliyemo. Bibi aliyewajua wote amekwisha kufariki. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria mapambo, anza na majina.

Kaa na wazee

Tandika mkeka safi alasiri moja, nawa mikono na kuikausha, kisha panga picha zote. Mwite mama mkwe, bibi au shangazi, na watoto nao wakae. Kwa kila picha uliza: Ni nani? Ni wapi? Mwaka gani? Andika majibu nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama upande wa pili. Mzee akilia kwa kuona mtoto aliyemzika, mwache alie. Usiharakishe kuigeuza picha.

Mwaka ukisahaulika, tafuta dalili. Mtoto aliyebebwa mgongoni ni nani, na alizaliwa lini? Anwani nayo husaidia: Mpanda ilikuwa chini ya Tabora hadi mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, na Katavi ikawa mkoa mwaka 2012.

Jirani zetu wengi wa Katumba wana asili ya Burundi, ambako wazazi wao walikimbia mauaji ya mwaka 1972. Anayekimbia na mtoto mgongoni habebi albamu. Katika nyumba kama hizo, picha moja ndogo yaweza kubeba ukoo mzima.

Boksi la viatu

Chukua boksi safi na kavu. Kata vipande vya kadibodi vya kutenganisha: upande wa baba, upande wa mama, watoto, ndoa na ubatizo. Usifunge picha kwa mipira. Huyeyuka kwa joto na kugandia. Boksi likae juu ya kabati, mbali na mchwa wa sakafuni na ukuta unaovuja. Mvua zinapokwisha, karibu mwezi wa Mei, zikague. Zilizopata unyevu zianike kivulini, uso ukiwa juu.

Albamu ya manila

Kata karatasi za manila, zikunje katikati kama daftari, kisha shona mkunjo kwa sindano kubwa na uzi imara. Usibandike picha yenyewe kwa gundi. Uji wa ngano huita wadudu, na selotepu hugeuka njano na kuharibu.

Tengeneza pembe. Kata karatasi yenye urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2. Kutoka katikati ya ukingo wa juu, kunja kila upande kuelekea chini hadi upate pembetatu. Ingiza kona ya picha humo, kisha bandika pembe hizo nne tu. Siku ukihitaji picha, utaitoa bila kuichana.

Ukutani weka nakala

Ipige picha ya zamani kwa simu, kivulini, kisha isafishwe studio. Fremu yaweza kuwa kadibodi iliyovikwa kitenge kilichobaki kwa fundi. Au funga kamba ukutani, utundike nakala kwa vibanio vya nguo, mbali na jua la dirishani na moshi wa jikoni. Picha halisi ibaki boksini. Hata msibani peleka nakala, maana picha ikipita mikono mingi haina uhakika wa kurudi. Nakala ya simu nayo mtumie ndugu mwingine, kwa kuwa simu hupotea.

Kama muda ni mdogo wiki hii, chagua picha moja tu: ile ambayo imebaki na mtu mmoja anayejua walio ndani yake. Nenda kwake na penseli.