Sappho Islands: Kwa nini baa ndogo ya Kampala bado inakumbukwa

MKAZI wa Sinza hahitaji kufundishwa namna baa inavyozaliwa na namna inavyokufa. Tangu eneo hilo lilipopimwa viwanja katika miaka ya 1970, chini ya mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kumbi za starehe zimefunguliwa, zikavuma, zikafungwa, na nyingine zikafunguliwa palepale kwa jina jipya. Kinachobaki mara nyingi ni jina tu. Abiria anayemwambia kondakta amshushe Sinza kwa Remmy anamtaja, pengine bila kufikiri, Remmy Ongala, mwanamuziki aliyefariki dunia Desemba 2010.

Kumbi kubwa hupata maombolezo yake. Septemba 2016, Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) lilipomtoa mpangaji wake katika jengo lililokuwa na klabu ya Bilicanas, katikati ya jiji la Dar es Salaam, likidai malimbikizo ya kodi, habari hiyo ilijaa magazetini kwa siku kadhaa. Watu wazima walikumbushana hadharani walivyocheza humo ujanani, na hakuna aliyewaonea haya.

Iko, hata hivyo, aina nyingine ya ukumbi ambao kufungwa kwake hakuombolezwi hadharani, kwa sababu kusema uliwahi kukaa humo ni kujiweka hatarini. Katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi ni Sappho Islands, baa iliyofunguliwa mwaka 2010 huko Ntinda, kitongoji kilichopo kaskazini mashariki mwa Kampala. Vyombo vya habari vya kimataifa viliitaja wakati huo kuwa baa pekee ya wapenzi wa jinsia moja nchini Uganda. Mwaka uliofuata, 2011, ilikuwa imefungwa.

Ntinda kwa Kampala ni kama Sinza kwa Dar es Salaam: si mjini hasa, si shamba, ni mahali pa watumishi, wafanyabiashara wadogo na wanafunzi, penye maduka mchana na muziki usiku. Mtu akifungua baa mahali pa namna hiyo, jirani hahoji. Aliyeifungua Sappho Islands ni Kasha Jacqueline Nabagesera, mwanaharakati ambaye tangu mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la kutetea haki za wanawake wapenzi wa jinsia moja, Freedom and Roam Uganda. Hakuwa mtu wa kujificha, na jina lake lilikuwa limekwisha kusikika redioni na katika mikutano ya nje ya nchi.

Jina la baa lilichaguliwa kwa ujanja. Sappho alikuwa mshairi mwanamke wa Ugiriki ya kale, aliyeishi katika kisiwa cha Lesbos yapata miaka 600 kabla ya Kristo, na jina la kisiwa hicho ndilo ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelitumia kuwaita wanawake wanaowapenda wanawake. Asiyejua habari hizo angedhani mwenye baa alitaka tu kuwakumbusha wateja wake ufukwe na minazi. Aliyejua, alijua.

Ili kuelewa kwa nini meza na viti vya baa moja viwe na uzito kiasi hicho, inafaa kuangalia mwaka wenyewe. Oktoba 2009 mbunge David Bahati alikuwa amewasilisha bungeni muswada uliopendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja. Mjadala wake ulienea makanisani, redioni na sokoni. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapa majina na picha za watu liliodai kuwa ni mashoga, pamoja na maneno ya kuhimiza wanyongwe.

Nabagesera, David Kato na Pepe Julian Onziema walilishitaki gazeti hilo. Mahakama Kuu ikawapa ushindi mwanzoni mwa Januari 2011, ikaamuru kila mmoja alipwe shilingi za Uganda 1,500,000, na ikalizuia gazeti kuendelea kuchapa taarifa za aina hiyo. Januari 26, 2011, wiki chache tu baada ya hukumu, Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Polisi walisema mauaji hayo hayakuhusiana na harakati zake, na mwanamume mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Wenzake Kato hawakuridhika na maelezo hayo.

Baa ya Ntinda iliishi katikati ya mambo hayo yote. Kabla yake, watu wa kundi hili mjini Kampala, ambao wenyewe hujiita makuchu, walikutana katika baa za kawaida, wakihama kutoka moja kwenda nyingine kila walipoanza kutambuliwa. Mteja wa namna hiyo hanywi kwa raha. Anaangalia mlango, anaangalia mhudumu, anapima sauti yake. Ubora wa Sappho Islands haukuwa katika vinywaji vyake. Ulikuwa katika kumpumzisha mtu na kazi hiyo ya kujilinda kwa saa chache. Ni jambo dogo kwa asiyelikosa.

Pia palikuwa mahali pa kupashana habari. Katika mji ambao magazeti yalikuwa yakichapa majina na anwani, kujua nani amefukuzwa nyumbani, nani amekamatwa, na daktari gani anamhudumia mgonjwa bila kumhoji maisha yake, lilikuwa suala la usalama. Habari kama hizo hazibandikwi ukutani. Hupita mezani, kati ya mtu na mtu.

Hapa ndipo sheria inapohitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa wengi hudhani baa kama hiyo hufungwa kwa sababu ni kosa kuwamo. Sivyo. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Uganda, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, iliadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha. Tanzania ina kifungu cha 154, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 1998 kinatoa adhabu ya miaka 30 hadi maisha. Kenya adhabu ni hadi miaka 14, na Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuifuta. Vifungu vyote hivyo vinahusu tendo, na tendo lazima lithibitishwe. Kukaa mezani na glasi mkononi si tendo hilo, hata wakili wa mwaka wa kwanza analijua.

Kwa hiyo polisi wanaotaka kuvunja mkusanyiko hutafuta kosa jingine. Uganda imetoa mifano miwili mikubwa tangu Sappho Islands ifungwe. Usiku wa Agosti 4, 2016 polisi waliingia katika klabu ya Venom, mtaa wa Kabalagala, ambako palikuwa na shindano la urembo la wiki ya sherehe za kundi hilo. Walifunga milango, wakakamata waandaaji, na mtu mmoja aliumia vibaya alipojirusha kutoka dirisha la ghorofani. Waliokamatwa waliachiwa usiku huohuo bila kufunguliwa mashitaka.

Jumapili ya Novemba 10, 2019 ikawa zamu ya Ram Bar, iliyokuwa ikijulikana kwa kuwapokea wateja hao. Zaidi ya watu 120 walikamatwa. Sababu iliyotolewa kwanza ilikuwa sheria ya kudhibiti tumbaku, inayopiga marufuku shisha. Hatimaye watu 67 walifikishwa mahakamani, na si kwa tumbaku wala kwa mapenzi ya jinsia moja, bali kwa kosa la kuwa kero kwa umma, ambalo adhabu yake haizidi mwaka mmoja. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mashoga na bado akajiuliza umma uliokerwa ulikuwa wapi, ikiwa wote waliokuwamo ndani walikwenda kwa hiari yao na kulipia vinywaji vyao.

Polisi, lakini, huja usiku mmoja. Anayeamua uhai wa baa kila mwezi ni mwenye nyumba. Waandishi wa sheria za Uganda walilielewa hilo mapema. Muswada wa 2009 ulikuwa tayari na vifungu vya kumwadhibu anayetoa nyumba au chumba. Sheria iliyosainiwa Februari 24, 2014 ilivibakisha, kabla ya Mahakama ya Katiba kuifuta Agosti 1 mwaka huohuo kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Sheria mpya ya mwaka 2023, iliyosainiwa na Rais Yoweri Museveni mwezi Mei, ilikwenda mbali zaidi: anayeruhusu jengo lake litumike huku akijua angeweza kufungwa hadi miaka 10.

Fikiria hesabu ya mwenye nyumba wa Ntinda, au wa Sinza. Kodi ya fremu moja haitoshi kumfanya mtu ahatarishe miaka 10 gerezani. Hana haja ya kuwachukia wapangaji wake. Inatosha awe mwoga kidogo, au awe na shemeji mwoga. Atatoa notisi kabla polisi hawajajua njia ya kufika kwake.

Katika pwani ya Waswahili mambo yalichukua sura nyingine, na inafaa kusimama hapo kidogo. Kabla ya baa palikuwa na ngoma na harusi. Gill Shepherd, mtafiti wa Uingereza aliyechapisha mwaka 1987 makala mashuhuri juu ya Mombasa, alieleza kuwa mashoga walikuwa na nafasi inayojulikana katika jamii, hasa katika sherehe za harusi upande wa wanawake, wakipiga ngoma na kuimba. Neno lenyewe, shoga, hadi leo ni namna ya mwanamke kumwita mwenzake wa karibu. Nafasi hiyo haikuwa ya heshima, na hakuna sababu ya kuipamba. Lakini ukumbi wake ulikuwa ua wa nyumba ya mtu, usiohitaji leseni wala mpangaji, hivyo haukuweza kufungwa kwa notisi ya siku 30.

Mambo yalikuwa tofauti pale sherehe ilipotangazwa kwa jina. Septemba 2006 mgahawa wa Mercury's, Mji Mkongwe, Zanzibar, ulipanga kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen aliyezaliwa visiwani humo Septemba 5, 1946. Jumuiya ya Uamsho ilipinga, ikisema kumtukuza ni kuivunjia heshima Zanzibar, na sherehe ikaachwa. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2004, Zanzibar ilikuwa imeongeza ukali wa sheria yake.

Ulaya na Marekani nako kumbi hizi hufungwa, ingawa kwa sababu nyingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa London ilikuwa na kumbi 125 za aina hiyo mwaka 2006 na zikabaki 53. Wawekezaji wa majengo na kodi za pango ndio waliotajwa zaidi. Klabu ya wanawake ya Gateways, mtaa wa Chelsea, ilifungwa mwaka 1985 baada ya kuishi miongo mingi, lakini ilikuwa imekwisha kuonekana katika filamu ya mwaka 1968, The Killing of Sister George, na wateja wake halisi wakiwamo. Stonewall Inn ya New York, ambako wateja walipambana na polisi Juni 28, 1969, nayo ilifungwa miezi michache baadaye; mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Marekani Juni 2016.

Sappho Islands haikupata filamu ya kwake wala kibao ukutani. Filamu ya Call Me Kuchu ya mwaka 2012 ilifuatilia miezi ya mwisho ya David Kato na maisha ya wenzake, na kwa njia hiyo imehifadhi sura za watu wa zama hizo. Nabagesera alipata tuzo ya Martin Ennals mwaka uleule wa 2011 baa yake ilipofungwa, na tuzo ya Right Livelihood mwaka 2015. Mwaka 2014 alianzisha jarida la Bombastic, lililokusanya simulizi za makuchu wenyewe na kugawiwa bure.

Wateja walihamia majumbani. Kwa kitambo ilionekana kuwa salama zaidi, kwani sebule haina leseni ya kunyang'anywa. Machi 29, 2020, hata hivyo, watu zaidi ya 20 walikamatwa katika nyumba ya hifadhi huko Kyengera, nje kidogo ya Kampala, na wengi wao wakashitakiwa kwa kufanya jambo linaloweza kueneza ugonjwa wakati wa korona. Walikaa rumande hadi Mei, mashitaka yalipoondolewa.

Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikataa kuifuta sheria ya 2023, ikiacha kifungo cha maisha na adhabu ya kifo kwa makosa yaliyoitwa mazito. Vifungu vichache tu ilivitupa. Kimojawapo ni cha 9, kilichomtia hatiani anayeruhusu jengo lake litumike. Kingine kilimhusu anayepangisha nyumba kwa shughuli za kuhamasisha. Walioipinga sheria hiyo walikata rufaa Mahakama ya Juu. Kwa uamuzi huo mwenye fremu wa Ntinda hana tena kifungo cha miaka 10 kinachomsubiri kwa sababu ya mpangaji wake. Mpangaji mwenyewe, yeye, bado ana vifungu vingine vyote.