New York: bustani yenye ndege wanatelemka kupumzika, na vioo vyenye kuwaua

Kila mwaka, kati ya mwezi wa kenda na mwezi wa kumi na moja, ndege mamilioni wanapita usiku juu ya muji wa New York, kule Marekani. Wanakimbia baridi, wanaelekea kusini. Asubuhi wengi wanatelemka mu Central Park, bustani kubwa katikati ya muji, na watu wanakuja kuwaangalia. Lakini ule muji wenye kuwapa pa kupumzika ndio tena wenye kuwaua. Namna gani?

Saa kumi na mbili asubuhi

Mu Central Park kuko sehemu moja yenye miti mingi, mawe na njia za kupindapinda. Inaitwa Ramble, na ukubwa wake ni hekta 15 hivi. Kipindi cha majani kuanguka, watu wanaingia pale jua likianza kutoka tu. Kila mtu na darubini ya macho mawili kwenye shingo. Hawaongei sana. Mmoja akinyoosha kidole, wengine wote wanasimama na kuangalia juu.

Wako wazee wa pensheni, wako wanafunzi, wako watu wa kazi wenye wanapita pale kwa saa moja mbele ya kuenda ofisini. Hawawindi, hawakamati kitu. Wanaangalia, wanahesabu, wanaandika. Wengi wanatuma hesabu yao kwa telefone kwenye eBird, daftari ya ndege ya intaneti yenye ilianzishwa mwaka wa 2002 na sasa inatumiwa dunia nzima. Kwa njia ile, watu wasiolipwa hata senti wanawasaidia wataalamu kujua ndege gani wanapunguka na wapi.

Kwa nini wanatelemka pale?

Ndege wadogo wengi wanasafiri usiku. Hewa inakuwa na ubaridi na imetulia, vipanga wamelala, na mchana unabaki kwa kutafuta chakula. Kukianza kupambazuka, wanatafuta pa kutua. Kutoka juu, New York ni saruji, barabara na nyumba za etaji. Katikati kunaonekana kipande kirefu cha kijani: hekta 341, urefu wa kilomita 4. Ndege wote wenye kuchoka wanakazana pale pale.

Hata ile bustani yenyewe ni kazi ya mikono ya watu. Karne ya 19 pale palikuwa mawe na matope, na watu wenye walikaa pale waliondolewa. Olmsted na Vaux ndio walichora mpango. Vibarua wakachimba maziwa na kupanda miti. Ndege waliikuta iko njiani mwao, wakaifanya kituo.

Wenye kuzoea wanajua siku ya kuamka mapema: ni asubuhi yenye kufuata usiku wa upepo wa kutoka kaskazini. Upepo ule unawasukuma ndege mgongoni, na miti inaweza kujaa kwa usiku mmoja tu.

Mwezi kwa mwezi

Mwezi wa kenda ni wa ndege wadogo wenye kula wadudu. Ni wagumu kutambua. Mwezi wa tano walipita wakielekea kaskazini na rangi kali, wanaimba, juu ni wakati wa kutafuta bibi. Sasa wanarudi kimya, rangi imefifia, tena wako pamoja na watoto waliozaliwa mwaka ule ule. Mtu anaweza kuangalia ndege mmoja dakika kumi na asijue jina lake.

Kati yao kuko mmoja mwenye wataalamu wanamwita Setophaga striata. Uzito wake ni gramu 12 hivi. Mbele ya kuondoka anakula mpaka uzito unakaribia kuongezeka mara mbili, kisha anaingia juu ya bahari ya Atlantiki. Mwaka wa 2015 wataalamu walionyesha, kwa vyombo vidogo walivyowafungia mgongoni, kama anaruka siku mbili mpaka tatu bila kutua, kilomita 2.500 hivi, mpaka kwenye visiwa vya Karibe. Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa njia ya juu, haifiki kilomita 1.700. Kwa ndege kama huyu, siku mbili za kula wadudu mu bustani ni mafuta ya safari.

Katikati ya mwezi ule ule, watu wanapanda Belvedere, jumba la mawe lenye liko juu ya kilima, kuangalia vipanga na tai wakipita mchana. Mwezi wa kumi wanakuja shomoro wa aina nyingi, pamoja na ndege wadogo kabisa wenye uzito wa gramu 6 tu. Mwezi wa kumi na moja, bata wa pori wanajaza ziwa kubwa la hekta 43, na wengine wanabaki pale kama maji haijaganda.

Mara zingine anatokea mgeni asiyetegemewa. Mwezi wa kumi 2018 bata dume wa rangi nyingi, wa jamii ya kutoka Asia ya mashariki, alionekana mu kiziwa kimoja. Alikuwa na pete ya mguu, lakini hakuna mtu aliyejitokeza kusema ni wake. Umati ulikuja kumpiga picha, hata watu wenye hawakuwahi kujali ndege.

Kioo na taa

Hapa ndipo shida inaanza. Ndege haelewi kioo. Akiona mti ndani ya kioo, anafikiri ni mti wa kweli. Anaruka kwa nguvu zote, anagonga, anaanguka. Usiku taa zinamvuta na kumchanganya, mpaka anatelemka katikati ya barabara. Asubuhi, akitafuta njia ya kutoka, vioo vinamngojea pande zote.

Shirika la ndege la muji ule linakadiria kama ndege kati ya 90.000 na 230.000 wanakufa kila mwaka New York kwa kugonga nyumba. Toka mwaka wa 1997, watu wa kujitolea wanazunguka nyumba za vioo asubuhi sana, mbele ya wafagiaji. Waliokufa wanahesabiwa. Wenye bado wanapumua wanawekwa mu mufuko wa karatasi na kupelekwa hospitali ya ndege. Tarehe 14 mwezi wa kenda 2021, mwanamke mmoja alikuta zaidi ya ndege 200 wamekufa asubuhi moja chini ya etaji za World Trade Center.

Tena kuko sumu ya panya. Mwezi wa pili 2023, mtu asiyejulikana alikata wavu wa bustani ya wanyama ya Central Park, na bundi mkubwa aliyeitwa Flaco akatoka. Aliishi huru mwaka mmoja, akikula panya wa muji. Huku kwetu bundi anaogopewa, watu wanamfukuza. Pale wakaaji walimfuata usiku kwa usiku, na alipokufa mwezi wa pili 2024 walimletea maua na barua chini ya mti. Alianguka karibu na nyumba moja, na uchunguzi ulikuta sumu nyingi ya panya ndani ya mwili wake, pamoja na ugonjwa wa njiwa.

Hesabu ilileta sheria

Zile hesabu za asubuhi hazikubaki mu daftari. Jumba la mikutano la Javits lilikuwa moja ya nyumba za kuua ndege sana. Lilipotengenezwa upya na kuwekewa vioo vyenye vidoti, vifo vilipunguka kwa 90 kwa mia. Kisha muji ukaweka sheria: toka mwezi wa kwanza 2021, nyumba mpya inapashwa kuwa na vioo vyenye ndege anaweza kuona, kutoka chini mpaka metre 23 hivi kwenda juu.

Hata taa za ukumbusho wa tarehe 11 mwezi wa kenda zilibadilishwa. Ni miangaza miwili mikubwa yenye kupanda mpaka mawinguni. Usiku ule watu wanahesabu ndege wenye wanazunguka ndani ya mwanga. Wakizidi 1.000, taa zinazimishwa dakika 20, ndege wanapata njia, kisha zinawashwa tena.

Na huku mashariki mwa Kongo?

Ndege wa New York hawafiki huku. Wao wanaenda Amerika ya kati na ya kusini. Lakini miezi ile ile, wa Ulaya wanatelemka Afrika. Mbayuwayu mwenye mkia wa panda ni jamii moja kule na huku: wa New York anaenda Amerika ya kusini, wa Ulaya anapita juu ya Kongo, na wengine wanaendelea mpaka Afrika ya Kusini. Kandokando ya ziwa Kivu na Tanganyika kunaonekana tena ndege mdogo wa mguu mrefu, mwenye kutikisa mkia kila mara: naye ni mgeni wa baridi ya Ulaya.

Goma na Bukavu nyumba za vioo zinaongezeka. Mwenye kujenga anaweza kuweka alama ndogo upande wa inje wa kioo, moja kila sentimetre 5, au kuzimisha taa zenye hazina kazi usiku. Ndege akigonga, awekwe mu kartoni yenye tundu, pahali pa giza na kimya, bila maji wala chakula. Akipata nguvu, aachiliwe mbali na vioo. Na mtoto mwenye manati anaweza kuambiwa kama mbayuwayu anayemlenga ametoka Ulaya, na mwezi wa tatu ao wa ine atapashwa kurudi kule kuzaa.