Mawakili Wanawake wa Kampala

Mwaka 1974, chini ya utawala wa Idi Amin, wakati ambapo kumtetea mnyonge kulikuwa kuihatarisha roho, mawakili wanawake wa Uganda waliunda jumuiya yao, FIDA, ambayo tangu 1988 huwapa msaada wa sheria, bila ya ujira, wajane waliodhulumiwa mirathi na akina mama walioachiwa watoto bila ya masurufu.

Lakini lililo adhimu zaidi, kwa rai yangu, ni hili: sheria ya talaka ya 1904 ilimtosheleza mume kuthibitisha zinaa peke yake, ilhali mke alilazimika kuongeza kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa, nayo dhuluma hiyo, iliyodumu karne nzima, jumuiya iliishitaki mbele ya Mahakama ya Katiba mjini Kampala, ambayo mwaka 2004 iliibatilisha kwa hoja kwamba Katiba ya 1995 imewasawazisha mume na mke katika ndoa, na hata ndoa inapovunjika.