Kalibu, mrabaha na gundi: biashara ya modeli za vyombo vya anga vya televisheni

Modeli ya chombo cha anga kutoka tamthilia ya zamani ya televisheni humfikia mnunuzi ikiwa bado si chombo. Ni sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye vijiti vyake kama zabibu kwenye kichala, karatasi ya maelekezo, na alama za kubandika kwa maji. Kukata, kupiga msasa, kugandisha na kupaka rangi ni kazi ya mnunuzi. Plastiki yenyewe, polistirini, ni bei rahisi. Kinachopandisha bei ya sanduku ni mrabaha anaolipwa mwenye haki za tamthilia, na zaidi ya huo, kalibu ya chuma ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo kubwa. Kalibu huchongwa mara moja kwa fedha nyingi, kisha hudumu kwa miongo. Kampuni nyingi za biashara hii zimekufa na kuacha kalibu zao zikiendelea kufanya kazi kwa bwana mwingine.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa AMT ya Troy, Michigan, kiwanda kilichokuwa kimezoea modeli za magari. Mwaka 1966 studio ya Desilu ilihitaji chombo kidogo cha tamthilia ya Star Trek, Galileo, kwa ukubwa wa kutosha waigizaji kusimama kando yake, na bajeti haikuruhusu. AMT ikagharimia ujenzi, nayo ikapata haki ya kuuza modeli za vyombo vya tamthilia hiyo. Ilikuwa biashara ya mali kwa mali, na ni vigumu kuona AMT ilipunjwa wapi. Seti yake ya chombo kikuu, Enterprise, yenye urefu wa sentimita 46 hivi, ilitoka mwaka huohuo. Masanduku ya kwanza yalikuwa na taa ndani. Mwaka uliofuata seti hiyo iliingia kwenye tamthilia yenyewe. Chombo kilichoharibika, Constellation, kilikuwa seti ya AMT iliyochomwa na kukwaruzwa, na namba iliyobandikwa juu yake, 1017, ni tarakimu zilezile za 1701 ya Enterprise zilizopangwa upya.

AMT ilinunuliwa na Lesney ya Uingereza mwaka 1978, ikapita kwa Ertl ya Iowa, na leo jina hilo liko mikononi mwa Round 2 ya South Bend, Indiana. Enterprise ya sentimita 46 ingali inauzwa.

Nchini Japani mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Thunderbirds, tamthilia ya vikaragosi iliyotengenezwa Slough, Uingereza, ilianza kuonyeshwa Septemba 1965, na mwaka uliofuata ikafika kwa watazamaji wa televisheni ya NHK. Kampuni ya Imai ilijaza maduka ya Japani seti za vyombo vyake. Mahitaji ya bidhaa ya televisheni hupanda na kushuka pamoja na tamthilia, lakini kalibu na ghala havijui kushuka. Mwaka 1969 Imai ilikwama. Bandai ilichukua kiwanda chake cha Shimizu pamoja na kalibu, na hapo ndipo ilipojijengea msingi wa kitengo chake cha modeli. Kutoka kwenye kitengo hicho zilitoka, mwaka 1980, modeli za roboti za Gundam, bidhaa ambayo imeizidi mbali Thunderbirds iliyoitangulia. Imai iliinuka tena, ikazimika tena, na baadhi ya kalibu zake za Thunderbirds zikaenda kwa Aoshima. Aoshima, Tamiya, Hasegawa na kiwanda cha modeli cha Bandai zote ziko mkoa mmoja, Shizuoka, ambako maonyesho ya biashara hufanyika kila Mei.

Wateja wa miaka ya 1960 walikuwa watoto wenye sarafu chache. Wa leo ni watu wazima, wengi wao wakiwa watoto walewale, na hilo limegeuza hesabu: seti zinazouzwa ni chache, lakini kila moja ni kubwa na ghali. Aurora ya New York, iliyouza nyambizi ya televisheni, Seaview, ya sentimita zisizofika 40, ilifungwa mwaka 1977. Moebius Models ya Florida ilikuja kutoa Seaview ya karibu mita moja. Round 2 inauza Enterprise kwa uwiano wa 1 kwa 350, urefu wa sentimita 82, na taa zake huuzwa kwenye sanduku la pembeni. Mpango huo ni wa kijanja: anayeshtushwa na bei ya chombo hununua chombo pekee, kisha miezi sita baadaye hurudi kufuata taa.

Pembeni ya viwanda kuna mafundi wadogo wanaouza vipuri vya kuboresha seti: vipande vya rezini, mabamba membamba ya shaba yaliyochorwa kwa asidi, alama sahihi zaidi, na siku hizi vipande vya printa ya 3D. Printa haihitaji kalibu, hivyo fundi mmoja anaweza kutoa chombo ambacho hakuna kiwanda kingethubutu kukichongea chuma. Mrabaha, hata hivyo, haujafutika kwa sababu mashine imebadilika, na wengi wa mafundi hao hufanya kazi bila leseni. Wengine huuza ufundi wenyewe, wakiunganisha seti za wateja wasio na muda. Kazi zao huonekana kwenye maonyesho kama WonderFest ya Louisville, Kentucky, na Scale ModelWorld ya Telford, Uingereza.

Modeli halisi za studio ni soko jingine kabisa. Oktoba 2006 kampuni ya mnada ya Christie's ilipiga mnada chombo cha Star Trek cha mfululizo ulioanza 1987. Makadirio hayakuzidi dola 35,000, nyundo na ada zikafika 576,000. Galileo iliyojengwa na AMT ilikarabatiwa na tangu 2013 imewekwa Space Center Houston. Enterprise ya kwanza, yenye urefu wa mita 3.4, iko Smithsonian mjini Washington tangu 1974, na ukarabati wake wa mwisho ulikamilika 2016. Kamera iliipiga picha upande wa kulia tu, kwa hiyo upande wa kushoto studio haikuumalizia, na nyaya za taa zilitokea huko. Seti za dukani huja na pande zote mbili.