Ndege Mbili, Barabara Moja: Dhamana ya Rubani na Mwongoza Ndege Wakati wa Kutua

Kwa wakazi wa Nkololo na maeneo mengine ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, safari ya ndege huanzia barabarani: Bariadi, Lamadi, Magu, hadi Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Abiria anaporejea anaweza kukutana na jambo la kushtua. Ndege iliyokwisha kuteremsha magurudumu na kukaribia ardhi huongeza nguvu ghafla na kupaa tena. Wengi hudhani injini imeharibika, kumbe huenda ndege iliyotangulia bado haijatoka kwenye barabara ya kutulia.

Huduma ya kuongoza ndege nchini hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), iliyoanza kazi Novemba 1, 2003, na ambayo haipaswi kuchanganywa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA) inayosimamia viwanja vyenyewe. Taratibu zake hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944.

Kwa mujibu wa viwango hivyo, ndege inayotua kwa kawaida hairuhusiwi kuvuka mwanzo wa barabara kabla ndege iliyotua mbele yake haijaondoka kabisa barabarani. Iwapo iliyotangulia inaruka, ni lazima iwe imepita mwisho wa barabara au imeanza kukata kona. Anayepanga foleni hiyo ni mwongoza ndege aliye mnarani.

Nafasi kati ya ndege na ndege haitokani na hofu ya kugongana pekee. Mabawa huacha nyuma vimbunga vya hewa visivyoonekana, na ndege nyepesi ikiviingia inaweza kupinduliwa. Kwa sababu hiyo ndege hugawanywa kwa uzito: nyepesi haizidi kilo 7,000, ya kati huanzia hapo hadi chini ya kilo 136,000, na nzito ni kuanzia kilo hizo. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan inayotua nyuma ya Dash 8 Q400, iliyo katika kundi la kati, hupewa nafasi ya dakika 3, au maili 5 za baharini, yaani takriban kilomita 9, pale inapotumika rada. Mwanza ni miongoni mwa vituo vinne vya mradi wa rada za kiraia uliowekewa jiwe la msingi na Rais John Magufuli Aprili 2, 2018, pamoja na Dar es Salaam, Kilimanjaro na Songwe.

Yapo mazingira ambayo mzigo huo humhamia rubani. Hali ya hewa ikiwa nzuri, rubani akaripoti kwamba anaiona ndege iliyo mbele na akaelekezwa aifuate kwa kutunza nafasi mwenyewe, umbali huo ni dhamana yake, hata ule wa kukwepa vimbunga vya mabawa. Katika viwanja vidogo visivyo na mnara, kama vingi vya hifadhini, marubani hutangaziana mahali walipo kwa redio na kupishana wenyewe.

Hata penye mnara, ruhusa ya kutua si amri ya kutua. Rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama wa ndege yake, na ruhusa aliyopewa haimwondolei wajibu wa kuepuka mgongano. Akiona barabara haiko wazi, hupaa kwanza na kutoa taarifa baadaye.

Ugumu wa mgawanyo huo ulionekana katika uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024. Ndege ya walinzi wa pwani ya Japani ilielekezwa isubiri kando, ikaambiwa ni ya kwanza katika foleni. Wafanyakazi wake walielewa kuwa wameruhusiwa kuingia barabarani. Ilikaa humo kama sekunde 40 bila mnara kubaini, ikagongwa na ndege ya abiria iliyokuwa na ruhusa halali ya kutua. Watu 5 kati ya 6 wa ndege ndogo walifariki; watu wote 379 wa ndege kubwa waliokoka. Ndiyo maana rubani hutakiwa kurudia kwa sauti maelekezo aliyopewa, na mwongoza ndege kusikiliza kama yamerudiwa sawasawa. 

Ndege inapopaa tena, abiria anatakiwa kubaki ameketi na mkanda wake ukiwa umefungwa. Tangazo kutoka kwa rubani linaweza kuchelewa kwa dakika kadhaa, kwa kuwa muda huo anaongea na mnara. Mafuta ya kuzunguka na kurudi, pamoja na ya kwenda uwanja mbadala inapohitajika, huwa yamehesabiwa kabla ya safari kuanza.